Ilani ya Gasorwe: Amri Isiishi Kuliko Maradhi

Sisi ni wauza ndagala na chumvi, wanyonzi wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli, walimu, mafundi cherehani, wakulima wa vilimani na wakimbizi wa kambi ya Kinama. Wengine tumezaliwa hapa Muyinga. Wengine tumetoka Uvira, Fizi na Minembwe na watoto mgongoni. Wapo pia waliozaliwa kambini, ambao Kongo wanaijua kwa simulizi tu. Tumekaa pamoja kwa sababu moja: maradhi yanazunguka eneo hili, na kila yanapozunguka kuna amri inayoyafuata. Maradhi huja yakaisha. Amri huja ikakaa.

Jina hatujajipa. Tulipoteza jioni nzima tukilitafuta, kisha tukaona heri tuandike kwanza tunachotaka.

Tuseme mapema sisi si nani. Hatuna chama, hatuna mgombea, hatuna bendera, na mkimbizi aliye kati yetu anajua vizuri kwamba hakuja Burundi kufanya siasa. Hatupingi chanjo, hatupingi sabuni, wala hatumpingi muuguzi anayepima watu joto barabarani. Kati yetu wapo abaremeshakiyago, wale wahudumu wa afya wanaopanda vilima nyumba hadi nyumba, na wasingekaa nasi hata dakika moja kama tungesema korona ilikuwa uzushi. Tunachokataa ni amri isiyo na mwisho, isiyo na maelezo, na isiyo na mtu wa kuijibia.

Wako watakaotuambia: ninyi mnalalamikia nini, wakati Burundi haikufungwa enzi za korona? Ni kweli, haikufungwa kama kwa majirani. Rwanda watu walifungiwa majumbani kuanzia 21 Machi 2020. Kenya kafyu ilidumu hadi 20 Oktoba 2021. Uganda, ambako wengi wetu tuna ndugu kambini Nakivale, shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022, na wapo mabinti walioziacha wakiwa wanafunzi, mlango ulipofunguliwa wakawa na watoto mikononi. Hapa kengele ya shule iliendelea kulia. Soko liliendelea. Tunashukuru.

Lakini tukumbuke pia jinsi tulivyoambiwa mambo. Wagonjwa wawili wa kwanza wa korona walitangazwa 31 Machi 2020, na bado kampeni za uchaguzi zilijaza viwanja hadi kura ya 20 Mei. Katikati ya mwezi huo mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wataalamu wenzake 3 waliamriwa waondoke nchini. Tuliambiwa Mungu anailinda Burundi. Kisha tarehe 30 Juni rais mpya, Évariste Ndayishimiye, akasema kirusi hicho ndicho adui mkubwa wa nchi. Sabuni ya buluu ikashushwa bei, kampeni ya Ndakira, sinandura kandi sinanduza (ninapona, siambukizwi wala siambukizi) ikaanza, watu wakapanga foleni kupimwa. Sabuni tuliifurahia, nani asiifurahie? Ila hakuna aliyekuja kutueleza nini kilibadilika kati ya Mei na Julai. Kulegeza ni uamuzi, na kukaza ni uamuzi. Yote mawili yana deni la maelezo.

Chanjo nayo ilikuja hivyohivyo. Februari 2021 waziri wa afya alisema haihitajiki bado, kwa kuwa wagonjwa zaidi ya 95 katika 100 wanapona. Oktoba mwaka huohuo dozi 500,000 za Sinopharm zikashuka kutoka China, nchi yetu ikiwa miongoni mwa za mwisho kabisa duniani kuanza kuchanja. Mtu aliyesikia Februari kwamba haina haja, akasikia Oktoba kwamba inafaa, akasitasita, asiitwe mjinga. Alisikiliza vizuri, tena mara mbili.

Kilichotuumiza sisi ni mpaka.

Kobero iko upande huu, Kabanga ya Ngara iko upande wa pili, Tanzania, na maisha ya Muyinga yamepita kati ya hizo mbili tangu kabla ya wazazi wetu kuoana. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa watu. Januari 2021 ya nchi kavu na ya ziwani ikafungwa tena. Malori ya mizigo yalipita. Sasa mwangalie mama anayeuza pale upande wa kivuli wa soko letu: bidhaa yake ni vitenge vitano, dumu la mafuta ya kupikia na gunia dogo la chumvi, navyo anavibeba kichwani na mgongoni. Hana kampuni ya usafirishaji, hana wakala wa forodha. Yeye ndiye lori lake. Amri iliposema mizigo ipite na watu wasimame, mwenye kontena alipita na mwenye kapu akasimamishwa. Haikuandikwa kwa nia hiyo, labda, lakini ndivyo ilivyosomeka barabarani.

Naye hakukaa nyumbani, kwa sababu watoto hawali amri. Alipita njia za panya, usiku, akimlipa mtu wa kumwonyesha njia. Huko hakuna ndoo ya maji, hakuna kipima joto, hakuna daftari la kuandika jina la aliyepita. Kipimo kilikuwa Kobero na watu walikuwa porini. Kama kusudi lilikuwa kuwajua wanaoingia, basi amri hiyo ilifanya kinyume chake, na hatujasikia mtu yeyote akikiri hivyo hadharani.

Hayo yamepita, mtasema. Hayajapita. Tarehe 25 Julai 2024 mpox ilitangazwa nchini, na mwaka huo Burundi ikawa ya pili kwa wagonjwa baada ya Kongo. Septemba 2024 Marburg ikatangazwa Rwanda. Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa uleule wenye Ngara na Kabanga, na Kagera hiyohiyo ilikuwa imeipata 2023 upande wa Bukoba. Kila tangazo lilipofika sokoni, swali la kwanza halikuwa dalili ni zipi. Lilikuwa: watafunga Kobero? Hapo ndipo tulipoona kwamba hofu ya amri imeutangulia ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye vipele huvaa mikono mirefu akaenda sokoni, kwa sababu anadhani akijitokeza atafungiwa yeye, nyumba yake, na pengine mtaa mzima. Muuguzi hawezi kumtibu mtu anayemkimbia.

Geneva, yaani Shirika la Afya Duniani, walitangaza mwisho mara mbili: korona tarehe 5 Mei 2023, mpox tarehe 5 Septemba 2025, kwamba si dharura ya dunia tena. Hapa hakuna gari la kipaza sauti lililopita kutuambia kwamba amri fulani sasa imekwisha. Ndoo zilipasuka koki, mabango yakapauka kwa jua, na kila mtu akajikadiria mwenyewe. Masharti yaliyotusaidia ndiyo yaliyokufa kwanza. Maji ya kunawa langoni mwa soko yametoweka, wakati ukali wa kuuliza karatasi uko palepale.

Na kuhusu karatasi, watu wa kilimani hawakuwa wakijua, mpaka tulipokaa pamoja, jinsi mwenzao wa kambini anavyoishi. Mkimbizi wa kambini akitaka kwenda kukaa mbali anahitaji bileti ya kutoka. Bileti hiyo ilikuwepo kabla ya korona, na sababu zake hatuzibishii hapa. Tunachosema ni kwamba kila ugonjwa unaotangazwa huongeza sababu moja ya kuichelewesha, na ugonjwa unapoondoka sababu hiyo haiondoki nao. Machi 2025 mgao wa chakula kwa wakimbizi ulikatwa hadi nusu. Nusu iliyobaki mtu anaitafuta kwa kibarua: anamlimia Mrundi shamba la maharage, analipwa franka au kapu la viazi, anarudi jioni. Kambi ikifungwa wiki moja, hiyo ni wiki ya njaa. Mwenye shamba naye palizi inampita. Kwa hiyo wakulima wa kilimani walipojiunga nasi hawakuja kwa huruma. Walikuja kwa hesabu, na tunaipenda zaidi hesabu.

Tuongeze jambo la wanaongoja kuhamishiwa nchi ya tatu, maana halisemwi. Safari zao zilisimamishwa 17 Machi 2020 na zikaruhusiwa tena 18 Juni. Miezi 3 ni kidogo kwenye kalenda. Lakini cheti cha afya kina muda wake, na ukaguzi wa usalama una muda wake. Kimoja kikifa, kingine kinakingoja. Kikifufuliwa hicho, kile cha pili kimekufa. Mwanamke akijifungua katikati, faili linaanza upya. Familia zilizokuwa zimeuza sufuria zikalala miaka juu ya mikeka, na Januari 2025 Marekani ikaufunga mlango wake kwa sababu nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kuweka hasara hiyo kwenye hesabu za korona.

Tukiulizwa kama tunataka kurudi kwenye maisha ya kawaida, tunajibu kwa tahadhari. Kambi hii imepita miaka 20. Aliyeingia akiwa mtoto sasa ana watoto. Kawaida ya 2019 haikuwa ya kujivunia, na hatukukusanyika kuidai. Yako mambo machache tunayoyataka yarudi: kuzika watu wetu, kusafiri kwenda kumwona mgonjwa, kukaa kwenye mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, siku ya mahari. Kuhusu impeke tulibishana sana. Wazee walitaka mrija upokezanwe kama zamani, muuguzi akakataa katakata, Waislamu wetu wakawa wanacheka tu maana hayawahusu. Mwishowe tumekubaliana mtungi ubaki mmoja na kila mtu aje na umuheha wake, yaani mrija wake. Wazee walinung'unika, kisha wakaenda kukata mianzi. Hivyo ndivyo tunavyotaka masharti yote yapatikane: watu wakae, wabishane, waelewe, watekeleze.

Tunadai haya.

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa: kila amri ya maradhi itangazwe pamoja na tarehe yake ya kufa. Siku 21, siku 30, wataalamu waseme wenyewe, lakini tarehe iwepo, isomwe sokoni, kanisani na msikitini, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Ikifika tarehe hiyo na ugonjwa bado upo, amri itangazwe upya pamoja na sababu. Hili si wazo letu la kijijini. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo Burundi inazifuata, zinasema mapendekezo ya muda ya Shirika la Afya Duniani hufa yenyewe baada ya miezi 3 yasipohuishwa. Nchi inayoongeza masharti yake yanayozuia sana safari inatakiwa itoe sababu za kisayansi na iyatazame upya ndani ya miezi 3. Marekebisho ya kanuni hizo yameanza kutumika 19 Septemba 2025. Sasa kwa kuwa Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zimeunganishwa kuwa mkoa wa Buhumuza, na makao yamehamia Cankuzo, tunaomba tarehe hizo zianzie huko. Geneva wameweza, Cankuzo watashindwaje?

La pili, anayefunga alishe. Mgonjwa wa mpox akitengwa mpaka magamba yadondoke, nyumba yake ipelekewe unga, maharage na sabuni siku hiyohiyo, iwe ya kambini au ya kilimani. Bila hivyo watu watajificha, nasi hatutawalaumu.

La tatu, kapu lipate haki ya lori. Dereva wa lori alipimwa akapita. Mama wa vitenge apimwe apite, kwa bei anayoiweza, palepale Kobero, na jina lake liandikwe. Tunataka kuandikwa, hatutaki kufukuzwa.

Kuhusu maiti, hatuna dai bali ahadi ya pande mbili. Wengi wetu tunakumbuka Ebola ilipofika Mwenga, Kivu Kusini, mwaka 2019, na tunajua kwamba maiti ya Ebola au Marburg haioshwi kwa mikono mitupu, hata awe mama mzazi. Mashehe na wachungaji walio nasi wamekubali kulisema hilo wenyewe kabla ya serikali kulisema. Kwa upande wa pili, timu ya mazishi isifike na kuondoka na mwili kama imekuja kuchukua mzigo. Jamaa waone uso, dua isomwe au wimbo uimbwe kwa umbali utakaotajwa, na kaburi lionyeshwe.

Ilani hii itasomwa kwanza kambini, kisha sokoni, kisha nakala itapelekwa kwa musitanteri, mkuu wa komini, kwa mkono, kwa heshima, na watu wasiozidi kumi ili pasionekane maandamano. Atakayetaka kutia saini aje na kalamu. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Mkimbizi anayeogopa asitie chochote, tutamhesabu moyoni.

Nafasi ya dai la nne tumeiacha wazi kwa ajili ya wanyonzi. Wanataka, mpaka ukifungwa tena, mnyonzi anayebeba bidhaa apewe karatasi ileile ya dereva wa lori. Mpaka jana walikuwa hawajakubaliana kama baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi na abiria mmoja juu yake ihesabiwe mzigo au ihesabiwe mtu. Wakimaliza tutaandika.