KIPYA KINYEMI KINGAWA KIDONDA

Nina dukuduku moyoni na leo nimeamua kulitoa katika jarida letu hili.

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa sawasawa hadi likizo ya Aprili mwaka huu. Ndipo familia yetu ilipokaribia kutupa chombo kizima, chenye sauti nzuri, kwa sababu ya tundu moja tu.

Chombo chenyewe ni risiva ya Baba. Kwa wale wasioijua, risiva ni ile mashine kubwa ya hom thieta inayopokea sauti kutoka kwa runinga, redio au deki ya video, ikaikuza, kisha ikaigawa kwa spika tano na wufa moja. Baba aliinunua Mombasa mwaka 2005, kabla sijazaliwa. Ni nyeusi, nzito kama ndoo ya maji, na mgongoni ina matundu mengi kama sega la nyuki. Jioni Baba akifunga kibanda chake cha ushonaji, huketi karibu nayo akasikiliza taarifa ya habari na taarabu. Kwetu ni kama mtu wa nyumbani.

Basi mwezi huo wa nne mjomba wangu akatuletea runinga mpya ya inchi 32, bapa kama sinia. Tulishangilia! Lakini tulipoiwasha, lo! Picha ilikuwa safi, sauti ilikuwa nyembamba kama mbu aliyefungiwa chupani. Si ajabu. Runinga nyembamba haina nafasi ya spika kubwa, na mara nyingi spika zake hutazama chini au nyuma badala ya kumtazama mtazamaji.

Tukataka kuiunganisha na risiva. Runinga yetu ya zamani, ile yenye kisogo, ilikuwa na matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Hii mpya haikuwa nayo. Risiva nayo haikuwa na tundu la HDMI hata moja. Baba akamwita fundi.

Fundi alitazama mgongo wa risiva kama dakika moja hivi, akatikisa kichwa. "Mzee, hii kitu ni ya zamani. Haiwezi kuongea na TV za siku hizi. Wape watu wa vyuma vikuukuu, ununue seti mpya. Nitakupatia moja kwa elfu kumi na sita na mia tano."

Nikamuuliza kama hakuna waya wowote wa kuziunganisha. Akacheka. "Wewe msichana, mambo ya stima waachie mafundi."

Shilingi 16,500! Msomaji mpenzi, wiki mbili kabla ya shule kufungwa nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula cha mchana, shilingi 4,000. Baba alizipata kwa kushona sare za watoto usiku hadi macho yakawa mekundu kama pilipili. Sasa alinitazama mimi, akaitazama risiva, akasema polepole, "Labda tungoje mwezi wa nane, mama." Mimi nilijua maana ya mwezi wa nane. Huo ndio mwezi wa kutafuta pesa za muhula wa tatu.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia nikamweleza yote. Hakunipa jibu. Aliniuliza swali: "Kwani picha na sauti ni lazima zipite njia moja?"

Nilirudi nalo nyumbani nikilitafuna njia nzima. Na hapa ndipo ulipo msimamo wangu: watu wengi wanatupa risiva zao, au wanashawishiwa kuzitupa, kwa sababu hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Hebu tufikiri pamoja. Zamani deki ya video iliunganishwa na risiva, na risiva ikaunganishwa na runinga. Kila kitu kilipita kwa risiva, kama abiria wote wanaopitia stendi moja. Kisha kanuni za kwanza za HDMI zikatolewa mwishoni mwa mwaka 2002. Waya mmoja ukaanza kubeba picha na sauti pamoja. Ni waya mzuri, siukatai. Lakini umetuzoesha vibaya. Tunadhani chombo kisicho na tundu hilo kimekufa, hali picha inaweza kwenda moja kwa moja kwa runinga, nayo sauti peke yake ikatoka kwa runinga kuelekea kwa risiva. Risiva haina haja ya kuiona picha. Kazi yake ni masikio, si macho.

Nikachukua tochi nikachungulia mgongo wa runinga. Nilikuta tundu dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL. Nikaenda kwa risiva. Pale pale kati ya yale matundu ya sega la nyuki, palikuwa na ndugu yake! Kumbe njia hii ya kupitisha sauti kwa mwanga ilianzishwa na kampuni ya Toshiba huko Japani mwaka 1983. Ni ya zamani kuliko risiva yenyewe, na bado runinga nyingi mpya zinayo.

Wenzangu wa kidato cha tatu watakumbuka somo la mwanga. Mwanga ukiwa ndani ya uzi angavu, na ukigonga ukuta wa uzi huo kwa pembe ifaayo, hautoki nje bali hurudi ndani, ukagonga tena na kurudi tena hadi ufike upande wa pili. Tulilichora somo hilo kwenye daftari kwa rula na penseli. Sikujua kwamba mchoro ule ndio uliokuwa nyuma ya runinga yetu.

Sitaki mdhani nilifaulu mara moja. Kwanza nilitaka kujua kama risiva ni nzima, nikachomeka simu ya Mama. Nikaona mahali pameandikwa PHONO, nikadhani ni pa simu. Sauti ilitoka ikikwaruza na kunguruma hadi kuku wakakimbia uani! Kumbe tundu hilo ni la mashine ya kuchezea santuri. Mashine hiyo hutoa umeme mdogo mno, hivyo risiva huukuza mara nyingi zaidi kuliko wa matundu mengine. Usichomeke kitu kingine hapo. Nilipohamishia waya kwenye matundu ya AUX, simu ikaimba vizuri.

Jumamosi Mama alinipa shilingi 350 nikanunua waya wa mwanga mjini. Niliuchomeka runinga ikiwa imewashwa, na kwenye ncha ya pili nikaona mwanga mwekundu. Hiyo ni dalili kwamba runinga inatoa sauti. Nikaunganisha na risiva. Kimya. Nilikaribia kulia. Kisha nikakumbuka kwamba risiva ina milango mingi na lazima uiambie isikilize upi. Ilikuwa ikisikiliza DVD. Nikabonyeza kitufe hadi pakaandikwa jina la tundu lile, nikaingia kwenye mipangilio ya runinga nikachagua sauti itoke kwa OPTICAL. Taarifa ya habari ya saa moja ikajaa chumba kizima. Baba alitoka kibandani na mkasi mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Aliketi tu, akavua viatu.

Basi, kwa faida ya wasomaji, njia ni hizi. Ikiwa runinga na risiva zote zina tundu la mwanga, fanyeni kama mimi. Ikiwa risiva ina matundu mekundu na meupe tu, nunueni kigeuzi, kisanduku kidogo kinachopokea mwanga na kutoa umeme wa sauti. Kumbukeni kukipa stima, na kuchagua PCM katika mipangilio ya sauti ya runinga. Msipofanya hivyo, mnaweza kupata kimya au mkwaruzo, kwa sababu vigeuzi vya bei ya chini havielewi lugha nyingine za sauti. Ikiwa runinga ina tundu la vifaa vya masikioni, waya wenye ncha moja ya kuingia hapo na ncha nyingine mbili, nyekundu na nyeupe, unatosha kabisa. Na king'amuzi chako kikiwa na matundu mekundu na meupe, picha ipite kwa HDMI hadi kwa runinga, na sauti itoke kwa king'amuzi hadi kwa risiva.

Onyo moja. Vile visanduku vya kugeuza HDMI kuwa waya za manjano, nyekundu na nyeupe hufanya kazi upande mmoja tu. Kinachogeuza mpya kuwa ya zamani hakiwezi kugeuza ya zamani kuwa mpya, ingawa kwa sura ni kama mapacha. Soma maandishi ya kuingia na kutoka kabla hujalipa. Kuuliza si ujinga.

Najua wako watakaonipinga. Watasema sauti za kisasa kama Dolby Atmos, zile zinazotokea hata juu ya kichwa, hazipiti kwenye waya wa mwanga. Ni kweli. Anayezitaka hana budi kununua chombo kipya. Lakini tuulizane, wangapi kati yetu wana spika za darini? Kwetu juu kuna mabati, na mvua ikinyesha tunapata sauti ya juu bila kulipa hata ndururu. Watasema pia kwamba mara nyingine midomo ya mtangazaji na sauti haviendi pamoja. Hilo nalo ni kweli, na mara nyingi linarekebishwa katika mipangilio ya runinga au ya risiva. Na risiva inayotoa harufu ya kuungua au inayorusha cheche, mimi sisemi muiweke. Hiyo ni hatari, izimwe na ichomolewe.

Ninachokataa ni kutupa kizima. Mwaka 2015, nilipokuwa mtoto mdogo, Kenya ilizima mitambo ya analojia tukahamia dijitali. Mama ananiambia kuna majirani waliodhani runinga zao zimekwisha kazi. Kilichowaokoa ni king'amuzi, kisanduku kidogo chenye waya tatu. Somo lile tumelisahau upesi hivi?

Tena vyombo hivi havifi kimyakimya. Mashine za miaka ile zina risasi katika viungo vyake, na waya zake zikichomwa jalalani ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtaka anayetengeneza au kuleta bidhaa abebe jukumu lake hata baada ya bidhaa hiyo kuchakaa. Ni jambo jema. Lakini sheria peke yake haitoshi. Kukizuia kisiwe taka ni kazi yetu sisi wenyewe nyumbani.

Simchukii yule fundi. Pengine naye hakuwahi kuulizwa swali la mwalimu wangu. Ila namwambia yeye na wenzake: mteja akija na chombo cha zamani, mwambieni kwanza bei ya waya, halafu ndipo mumwambie bei ya seti mpya. Mteja achague mwenyewe. Akitaka kipya, ni pesa zake. Lakini asinunue kwa kutojua.

Na kwa chama chetu cha Kiswahili nina ombi. Neno "king'amuzi" lilienea nchini hadi hata nyanya zetu wanalitumia bila shida, kwa sababu ni neno letu linalotokana na kung'amua. Mbona tusikae na wenzetu wa chama cha sayansi, tukaandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza matundu haya na kazi zake, tukaibandika ubaoni na kuwapelekea wazazi siku ya mkutano? Baba yangu anasoma Kiswahili vizuri sana. Kilichomshinda ni yale maandishi ya mgongoni mwa risiva yake mwenyewe, na kwa ajili hiyo alikuwa karibu kulipa 16,500 badala ya 350.

Muhula wa pili sikurudishwa nyumbani. Wahenga pia walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu upo sebuleni, unanguruma kila jioni saa moja. Kabla hujautupa wa kwenu, chukua tochi ukaangalie mgongoni.

Hapa natua kalamu. Kwaherini.