Ilimu ni Amana, Chuo Kikuu Kiirudishe

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu, zama za misafara baina ya Tabora na pwani, pembe zilikuwa zikishuka mabegani mwa wapagazi mpaka Bagamoyo, na kutoka huko zikivuka bahari kwenda Ulaya na Marekani. Huko zilichongwa zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi, na Mnyamwezi aliyezibeba hakuziona tena. Biashara ile imekwisha, lakini ndugu yake ingali hai, nayo ni biashara ya ilimu.

Wataalamu huja kwetu. Huketi na wazee wetu, huwauliza khabari za tarika, za watemi na za misafara, huandika, kisha huenda zao. Baada ya miaka hutoka kitabu kilichopigwa chapa na chuo kikuu, kwa Kiingereza, na kwa bei asiyoiweza mwalimu wa madrasa. Mwaka 1980 University of Minnesota Press ilitoa kitabu cha August Nimtz juu ya tarika na siasa katika Tanzania. Ni kazi ya maana. Lakini jee, khalifa wa Bagamoyo asiyejua Kiingereza ataisoma vipi khabari yake mwenyewe?

Mgeni ana udhuru, kwani anawaandikia watu wake. Vyuo vikuu vyetu vina udhuru gani? Hujitetea kwa hoja mbili, na zote mbili ni dhaifu.

Hoja ya kwanza ni kuwa ilimu ya juu haina budi kutolewa kwa Kiingereza. Basi na tutazame. Diwani ya Muyaka wa Mombasa ilitolewa mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika nchi iliyombagua mtu mweusi. Chuo hicho hicho kilitoa *Pambo la Lugha* la Shaaban Robert. Maisha ya Tippu Tip, ambaye hatumsifu kwa kuuza watu, yaliandikwa na mwenyewe kwa Kiswahili. Yalipigwa chapa kwanza Berlin, kisha mwaka 1958 na 1959 yakatolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ilipokuwa Makerere, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ikiwa Johannesburg na Berlin waliweza kukipiga chapa Kiswahili, Dar es Salaam washindwe na nini?

Hoja ya pili ni kuwa kitabu cha ilimu hakina soko. Subhanallah! Chuo kikuu si duka. Kimewekwa kwa mali ya umma, na katika kazi zake ni kuchapa lile ambalo mwenye duka analiogopa. Tena soko lenyewe lipo. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotoka mwaka 1981, ilitungwa na Taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo leo yaitwa TATAKI, na hadi leo watu wanaitafuta. Kitabu kinachouzika kibebe kile kisichouzika, kama mwenye nguvu anavyombeba dhaifu.

Zamani pengo hili liliwahi kuzibwa. East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948, ilitutolea kwa Kiswahili khabari za Mtemi Mirambo, zilizoandikwa na Kabeya. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ofisi ile nayo ikavunjika. Huku Igunga malori yanapita kwa barabara ya lami kwenda Mwanza, yanashusha saruji, sukari na simu. Kitabu cha chuo kikuu dukani hakionekani.

Wala sisi hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole na mikono yetu ikabaki mitupu. Khutba za wazee wetu, nasaba zao na mashairi yao yamo masandukuni, chakula cha mchwa. Sheikh Abdullah Saleh Farsy (r.a.) hakungoja mtaalamu. Aliandika kwa Kiswahili kitabu cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kikatoka Mombasa mwaka 1972. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilikitoa kwa Kiingereza. Hapo chuo kikuu kilimfuata sheikh! Na nyinyi watu wa pwani, mchele na nyama za harusi moja kubwa zingelipia chapa ya kitabu kidogo cha wanavyuoni wa Tabora na Ujiji.

Kwa hivyo, kila kitabu kitolewacho na chuo kikuu chetu juu ya watu wetu kiwe na chapa ya Kiswahili, au japo muhtasari mzuri. Nakala zake zipelekwe mahali khabari zilipochukuliwa, maktabani na madrasani. Nasi tuweke wakfu wa kupigia chapa vitabu, kama wazee wetu walivyoweka wakfu wa minazi kwa misikiti.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Khabari aliyoitoa mzee kwa moyo safi ni amana, na aliyeichukua kwa kalamu atadaiwa kwa kalamu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.