Homa ya Nani? Neno Moja na Maana Zake Nyingi

Wako wasomi miongoni mwetu ambao, kila juhudi ya kuwaelimisha wananchi inaposhindwa, huwa na jibu moja tu: wananchi ni wagumu wa kuelewa. Waliambiwa habari za malaria, hawakusikia. Waliambiwa wawahi hospitali, wakaenda kwa mganga wa kienyeji. Kwa hiyo, husema wasomi hao, hapana budi waambiwe tena, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Makala hii inakusudia kuipinga kauli hiyo. Mara nyingi mwananchi alisikia vizuri, akaelewa barabara, na akakifuata kile alichokielewa. Kasoro ilikuwa katika neno. Msemaji na msikilizaji walilitamka neno lile lile, kila mmoja akiwa na maana yake moyoni, na hapakuwa na aliyemwuliza mwenzake: wewe ukisema hivyo, wakusudia nini?

Pengine msomaji atadhani kwamba haya ni mambo ya wanaisimu, watu wa kupekua kamusi na kubishana juu ya viambishi. La, hasha. Katika neno ninalotaka kulichunguza hapa mna uhai wa watoto. Neno lenyewe ni "homa". Tulilipokea zamani kutoka Kiarabu, tukalifanya letu, na leo hakuna nyumba katika nchi yetu isiyolijua.

Mama aliye nyumbani akisema mtoto ana homa, ametaja ugonjwa. Amempapasa kifuani na shingoni, amekuta joto, ameona mtoto hataki kula wala kucheza. Kwake homa ina chanzo chake: pengine jua kali, pengine mvua, pengine meno yanaota, pengine mbu. Homa huja, homa huondoka. Ni ugonjwa unaofahamika, ambao kila mzazi amekwisha kuuona mara nyingi.

Daktari akilitamka neno hilo hilo, hakutaja ugonjwa hata kidogo. Ametaja dalili. Kwake homa ni joto la mwili lililopanda kupita kiasi, nalo hupimwa kwa kipimajoto na kuandikwa kwa tarakimu. Nyuma ya joto hilo huenda pakawa na malaria, nimonia, homa ya matumbo, au maradhi mengine mengi. Homa kwake ni kama moshi: humwambia kwamba pana moto, lakini haumwambii kinachoungua.

Yuko na wa tatu, naye ni mtafiti mwenye karatasi ya maswali. Huyu huuliza: "Je, katika wiki mbili zilizopita mtoto huyu amepata homa?" Mama hujibu ndiyo au hapana, na jibu huwa tarakimu katika jedwali. Watu watatu, neno moja, maana tatu. Je, tustaajabu wasipopatana?

Na tusidhani kwamba haya ni mawazo ya mezani. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa tangu mwanzo: waliyachunguza majina ambayo wenyeji huyapa maradhi yenye joto la mwili. Waligundua kwamba wananchi waliijua "homa ya malaria", na waliihesabu kuwa ugonjwa wa kawaida, unaotibika kwa dawa za hospitali. Lakini mtoto alipogeuza macho na viungo vyake vikakakamaa na kutukutika, huo haukuwa tena homa. Ulikuwa degedege, ugonjwa mwingine kabisa, wenye jina lake, chanzo chake na tiba yake. Jina hilo linafungamana na dege, kiumbe arukaye ambaye katika masimulizi ya pwani humjia mtoto mchanga. Ugonjwa wa namna hiyo ulipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, kwa kufukiza na kuogesha kwa majani. Wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano hufa.

Kwa daktari, degedege katika nchi yenye mbu wengi ni mojawapo ya dalili za malaria kali, tena ni hali ambayo saa chache zaweza kuamua uhai au mauti. Basi fikiri, ndugu msomaji, habari ya bango liliwalo: "Homa ya malaria ni hatari, mpeleke mtoto hospitali upesi." Mama wa Bagamoyo alilisoma bango hilo akalikubali. Mtoto alipopata homa alimpeleka zahanati. Mtoto alipopata degedege hakumpeleka, maana bango halikutaja degedege. Mama huyo hakukaidi. Alitii maneno aliyopewa, kwa maana anayoijua yeye. Basi ni nani aliyeshindwa kuelewa?

Hapa wapinzani wangu watanijibu upesi: "Huo ndio ujinga tuusemao! Ndege na degedege wapi na wapi?" Nami nitawaomba wasome historia ya neno lao wenyewe. "Malaria" ni neno la Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi waliamini kwamba ugonjwa huu hutoka katika mvuke wa mabwawa. Ilikuwa mwaka 1880 ambapo Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, alipokiona kimelea chake katika damu kwa darubini; na ilikuwa mwaka 1897, huko India, ambapo Ronald Ross alipopata ushahidi ndani ya mwili wa mbu. Maana ilibadilika, jina likabaki. Mpaka leo maprofesa wa dunia nzima huita ugonjwa huu hewa mbaya, wala hakuna anayewacheka. Kama wao waliruhusiwa kusahihisha maana wakabaki na jina, kwa nini bibi wa pwani asiruhusiwe kubaki na neno "degedege" huku akifundishwa kwamba kinacholileta ni vimelea vya malaria au ugonjwa mwingine wa kukimbiliwa hospitali?

Wala wataalamu wasijidai kwamba wao kwa wao hawana tatizo hili. Kila taaluma ina lugha yake ndani ya lugha. Neno la Kiingereza tunalolifasiri kuwa "utamaduni" hutumiwa pia na mtu wa maabara kwa kazi ya kuotesha vijidudu katika kisahani. Tazama tena neno letu "sugu". Asili yake ni ngozi iliyokakamaa kwa kazi. Mtaalamu wa vimelea anaposema "usugu" anakusudia kwamba vimelea vimeizoea dawa, haviuawi nayo tena. Mtaani "malaria sugu" ni malaria inayomrudia mtu mara kwa mara. Wawili hawa waweza kuzungumza asubuhi kutwa, wakaagana kwa furaha, kila mmoja akidhani amekubaliwa.

Homa yenyewe imegeuzwa maana na wataalamu hao hao. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya katika sehemu nyingi za Afrika walielekezwa kumtibu mtoto mwenye homa kama mgonjwa wa malaria, hasa mahali pasipokuwa na darubini. Wananchi walifundishwa hivyo, wakashika: homa ni malaria. Kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Mwongozo huo ni sahihi. Lakini mama aliyefundishwa kwamba homa ni malaria, leo anapoambiwa kwamba mtoto wake anayechemka "hana malaria", atasikia nini? Atasikia kwamba kipimo kimekosea, au kwamba mganga wa zahanati hataki kumpa dawa. Waliobadilisha maana hawakumpelekea habari za mabadiliko.

Yafaa sasa niwageukie watu wa upande wa pili, maana nao wana makosa yao. Hawa husema kwamba degedege ni utamaduni wetu, kwamba mambo ya wazee yasiguswe, na kwamba kila anayeyahoji ana kasumba ya kikoloni. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini haina miguu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na kwamba katika kila 100 kati yao, kama 95 walikuwa katika kanda ya Afrika. Katika kanda hiyo, kama robo tatu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Utamaduni ni mali ya watu walio hai. Kuliheshimu neno la wananchi ni kutaka kuijua maana yake kwa ukamilifu; si kuapa kwamba kila wanaloliamini ni kweli. Kimelea hakijali kabila wala mila, na mtoto mwenye degedege anahitaji hospitali leo hii, si kesho.

Wako pia wanaodai kwamba chanzo cha yote haya ni umaskini wa Kiswahili. Wanasema lugha yetu haina maneno ya kutosha kubeba sayansi. Hao nitawaonyesha maneno matatu tu.

La kwanza ni "chanjo". Asili yake ni kuchanja, yaani kuikata ngozi kidogo, kama walivyofanya waganga wetu walipotia dawa katika chale. Sindano za kinga zilipoingia nchini, wananchi walilichukua neno hilo wakalipa kazi mpya. Leo hata matone ya kinga ya polio, ambayo mtoto huyanywa bila ya kukatwa popote, huitwa chanjo, na kila mzazi anaelewa. La pili ni "mseto", yaani chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Tanzania ilipoanza, mwishoni mwa mwaka 2006, kutumia tiba ya malaria yenye dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, tiba hiyo ilitwa "dawa mseto". Jina hilo moja lilieleza jambo ambalo ukurasa mzima wa istilahi za kigeni usingelieleza. La tatu ni "mganga". Neno hili ni la Kibantu, nalo lina ndugu zake mpaka Kongo. Kwetu mkuu wa tiba serikalini ameitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na mzee wa kijijini mwenye mizizi na hirizi naye ni mganga. Neno limewaweka pamoja watu wawili ambao elimu zao zinapishana. Tukinyamaza, neno hilo litatuchanganya. Tukilieleza, litatusaidia, kwa sababu tayari lina heshima ya watu.

Lugha yenye uwezo wa namna hiyo si maskini. Umaskini uko katika uvivu wetu wa kuuliza. Utafiti mwingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha karatasi ya maswali hufasiriwa kwa Kiswahili. Ili kuhakikisha kwamba tafsiri ni nzuri, hutafutwa mtu wa pili airudishe katika Kiingereza. Maneno yakilingana, wakubwa huridhika. Lakini tazama udhaifu wa mtihani huo! Neno la Kiingereza litafasiriwa "homa", na "homa" itarudi kuwa neno lile lile la Kiingereza. Tafsiri imefaulu kwa alama 100, na maana aliyo nayo mama haikuguswa hata kidogo. Wafasiri wawili waliosoma shule moja wamekubaliana wao kwa wao. Mwenye homa hakuulizwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mtafiti anayekwenda kwa wananchi aanze kwa kusikiliza majina yao ya mambo kabla ya kuwaletea majina yake. Aulize: ugonjwa huu mnauitaje? Unatofautianaje na ule? Huanzaje, na tiba yake ni ipi? Baada ya hapo ndipo aandike maswali. Pili, wale wenye dhamana ya istilahi, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, wasitosheke na kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la kigeni. Waandike pia neno hilo lina maana gani nyumbani, zahanati na maabara, ili atakayelitumia ajue anapokanyaga.

Tatu, na hili nalielekeza kwenu walimu na wanafunzi. Katika shule zetu nyingi za sekondari sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza darasani habari za kimelea na mbu, akapasi mtihani, kisha akarudi nyumbani ambako nyanya yake husema degedege. Elimu hizo mbili hukaa katika kichwa kimoja kama wapangaji wasiosalimiana. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili wakae pamoja. Wawatume wanafunzi waandike maneno ya maradhi yanayotumika katika vijiji na mitaa yao, na maana zake kama wazee wanavyozieleza, kisha wayajadili darasani kwa mwanga wa sayansi. Kijana atakayefanya hivyo ataweza kusema nyumbani: "Bibi, hiyo degedege uisemayo ni mlango wa mwisho wa homa ya malaria, twende hospitali sasa hivi." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mabango 1,000, kwa kuwa imesemwa na mtu anayezijua maana zote mbili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wasomi wetu wamewafundisha wananchi methali hiyo kwa miaka mingi. Sasa ni zamu yao kuitumia.