Sahani ya baa na mlango wa msikiti



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita kijana wetu mmoja anayefuatilia darsa hizi, anaishi Queensland kule Australia, alinitumia wimbo. Akaandika: "Shikamoo sheikh. Wenzangu kazini wanauimba huu kila Ijumaa jioni wakienda baa kula. Siku hizi naenda nao. Sinywi, nakula tu. Je, nina kosa?"

Wimbo unaitwa "Pub Feed", yaani mlo wa baa. Ni wa bendi ya The Chats, vijana wa hukohuko Queensland walioanza kupiga pamoja mwaka 2016 wakiwa bado wanafunzi. Umo katika albamu yao ya mwaka 2020. Muziki wenyewe ni panki, ile roki ya magitaa ya kelele, wimbo unakwisha kabla hujakaa sawa. Hukumu ya muziki tumekwisha kuisomesha hapa, sitairudia. Leo tuangalie kile wanachokisifu.

Hawasifu magari wala dhahabu. Wanasifu sahani ya chakula, tena chakula cha kawaida kabisa cha baa za Australia: kuku wa kukaanga, steki, chipsi. Chakula cha mtu aliyetoka kazini na njaa yake.

Nikasema subhanallah. Hawa hawakusoma madrasa, lakini wameitazama sahani ya chipsi wakaona ni jambo la kufurahiwa. Na sisi? Baba anarudi nyumbani, anafunua chungu, anauliza, "Maharage tena?" Ananuna, mama wa watu anabaki kimya na mwiko wake mkononi. Abu Huraira (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia kombo chakula hata siku moja; akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Muslim, Jabir (r.a.) anasimulia kuwa Mtume aliomba kitoweo nyumbani kwake, akaambiwa hakuna ila siki. Akaitaka hiyohiyo, akawa anaila na kuisifu. Siki, ndugu zangu! Basi wewe unayesoma haya, leo ukila msifu aliyekupikia, halafu umhimidi aliyekuruzuku. Yule anayeimba chipsi huenda hajui amshukuru nani. Wewe unajua, mbona unanuna?

Sasa nirudi kwa swali la kijana.

Kwanza, meza. Imepokewa kwa Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Hakusema asinywe tu, amesema asikae. Kwa hiyo "sinywi, nakula tu" haitoshi kuwa jawabu, mwanangu. Mwaka wa kwanza unakunywa soda. Mwaka wa pili umeshaizoea harufu. Mwaka wa tatu wanakuita mshamba, na wewe umechoka kuitwa mshamba.

Pili, sahani yenyewe. Chakula maarufu cha baa za kule ni kile wanachokiita parmi: kidari cha kuku kilichopakwa chenga za mkate kikakaangwa, juu yake mchuzi wa nyanya na jibini. Wengi hawajui kuwa mara nyingi kati ya kuku na jibini huwekwa kipande chembamba cha nyama ya nguruwe. Samaki naye, ambaye sote tunamwona salama, mara nyingi huchovywa kwenye rojo ya unga iliyokorogwa kwa bia. Chipsi huweza kuwa zimekaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaanga vitu vingine. Na kuku amechinjwaje, hilo nalo ni suala. Chakula cha Watu wa Kitabu tumehalalishiwa katika Suratul Maida aya ya 5, lakini wanazuoni wamekhitilafiana sana kuhusu nyama za viwandani za leo, na Australia ni nchi ambayo kuku wa halali wanapatikana. Mwenye njia iliyo wazi haingii kwenye kiza.

Hayo ndiyo niliyomjibu. Nikadhani nimemaliza kazi yangu.

Usiku akaniandikia tena: "Sheikh, nimekuelewa, na sitaenda. Ila nikitoka kazini sina pa kwenda. Msikiti wa hapa unafungwa baada ya swala. Pale baa wananiita kwa jina langu."

Wallahi sikulala vizuri. Kwa sababu na mimi ni imamu, na funguo za msikiti ninazo mfukoni. Baada ya Isha mimi ndiye ninayezima taa, naye kijana akichelewa kuvaa viatu namwambia, "Haya mwanangu, tunafunga."

Nikauelewa ule wimbo upya. Chipsi za baa hazina utamu wowote zaidi ya chipsi za mtaani kwako. Kinachowavuta watu ni kwamba bei inajulikana, mlango uko wazi, unakaa na wenzako, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Baa imeelewa kuwa mtu aliyechoka anataka sahani na kampani. Sisi tuna dini iliyofundisha kulisha chakula na kutoa salamu kwa unayemjua na usiyemjua, halafu chakula tunakitoa Ramadhani tu, na miezi kumi na moja tunatoa makatazo.

Sisemi haramu iwe halali. Pombe ni haramu na meza yake tumekatazwa. Nasema ukimwambia kijana "toka pale", mwonyeshe pa kukaa. Kumtoa mtu kwenye meza bila kumwandalia nyingine ni kumwacha njiani, na njiani shetani hakosekani.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Wazee wa misikiti, chagueni jioni moja kwa wiki, watu wachange, pikeni chochote, hata maharage na chai, mlango ubaki wazi mpaka saa nne. Sisi kwetu tunaanza Ijumaa hii inshaallah. Na wewe kijana wa Queensland, usiwakate wenzako. Waalike kwako, wapikie pilau ya kuku wa halali, wakae kwenye meza yako isiyo na chupa. Nina hakika nao watakuita kwa jina lako.

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru kidogo na kingi, na azifanye nyumba zetu na misikiti yetu iwe mahali ambapo vijana wetu wanapenda kukaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.