Nyota Iliwafikisha Yerusalemu



Vijana wetu hapa Mowlem wana swali ambalo sitaki tulipite juu juu: "Pasta, mwalimu wa Baiolojia anasema hivi, kanisa linasema vile. Nimwamini nani?" Mzazi, ukimjibu mtoto, "Nyamaza, hayo ni ya shetani," atanyamaza kweli. Halafu ataenda chuo, na kanisani hutamwona tena.

Swali hili si geni Kenya. Mwaka 1984, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ikapatikana mifupa ya mvulana ambaye wanasayansi wanasema aliishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo wa Christ is the Answer Ministries alipinga makumbusho yetu ya Nairobi kuionyesha kama ushahidi wa chimbuko la mwanadamu. Richard Leakey naye akamjibu kwa ukali. Makumbusho yalipofunguliwa tena baada ya ukarabati, mifupa ilikuwa pale. Na makanisa bado yanajaa kila Jumapili.

Namheshimu Askofu, na mzigo wake wa kulinda watoto wa kanisa nauelewa. Lakini naona hatukuhitaji vita hiyo. Kuhusu umri wa mifupa, hata Wakristo wanaompenda Yesu hawajakubaliana. Ila mfupa hausemi, "Hakuna Mungu." Mwalimu akisema hivyo, ametoka kwenye Baiolojia, ameingia kwenye dini.

Sasa fungua Mathayo 2. Mamajusi walikuwa wasomi wa nyota, watu wa mataifa, hawakuwa na torati. Mungu aliwaita kwa kitu walichokisoma. Lakini elimu yao iliwafikisha Yerusalemu, kwa Herode, mtu aliyetaka kumwua mtoto! Ilibidi andiko la nabii Mika lisomwe ndipo wajue ni Bethlehemu. Baada ya Neno, nyota ikawatangulia tena hadi kwa Yesu.

Mpendwa, angalia pia upande wa pili. Waandishi walilijua andiko hilo, na Bethlehemu haikuwa mbali, ni kama safari ya kutoka Mowlem hadi tauni. Hakuna andiko linalosema walienda. Wenye nyota walisujudu, na wenye Biblia walibaki mjini. Kwa hiyo tusijivune kwa wasomi.

Warumi 1:20 inafundisha kwamba uumbaji unaonyesha uweza wa Mungu. Kwa hiyo sayansi inaweza kukuambia kwamba nyumba hii ina Fundi. Lakini kwamba Fundi huyo alikufa msalabani kwa ajili yako, hakuna darubini itakayokuonyesha. Hilo hufunuliwa na Roho kwa Neno, 1 Wakorintho 2.

Na tukitupa elimu kabisa? Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Ya mahakama tuyaachie mahakama. Lakini madaktari waliochunguza miili ndio walioonyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na vipimo vya DNA vikasaidia familia kuwatambua watu wao. Pale, ukweli ulitoka chumba cha maiti, si madhabahuni. Yesu alisema yeye ndiye kweli, basi hata ukweli ule ulikuwa wake. Pasta anayeogopa ukweli wa daktari, muulize anamhubiri Yesu yupi.

Kijana, soma! Soma Fizikia, soma Baiolojia, pita mtihani. Danieli alikataa chakula cha mfalme; masomo ya Wakaldayo hakuyakataa, na Danieli 1:17 inaonyesha kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyempa maarifa. Lakini usiishie Yerusalemu. Digrii bila Neno inaweza kukufikisha kwa Herode. Beba maswali yako, uje nayo kwa Biblia, uje nayo kwangu. Hakuna atakayekufukuza kanisani kwa kuuliza.

Omba nami: Baba, wape watoto wetu akili ya kusoma na moyo wa kusujudu. Waongoze hadi Bethlehemu. Kwa jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe.