Upepo Nao Una Wenyewe



Nimechoka na neno hili: "wanapinga maendeleo". Kila wanakijiji wanapokwenda mahkamani kuuliza habari za mitambo ya upepo iliyosimamishwa karibu na nyumba zao, hakosekani msomi mmoja wetu, mara nyingi yuko Toronto au Copenhagen na umeme haujamkatikia tangu ahamie huko, wa kutwambia kwamba watu wa shamba ni wajinga wanaoogopa panka. Na akishasema hivyo basi, mjadala umekwisha. Kesi yao haisomi, ardhi yao haijui iko wapi.

Kabla sijabandikwa jina, niseme wazi: mimi umeme wa upepo naupenda. Mtu wa Unguja atauchukia vipi? Mwezi Disemba 2009 waya wa baharini uliotuletea umeme kutoka Bara uliharibika, na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa mwezi mzima. Watu walinunua maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazikuwa na umeme, na mwenye jenereta ndiye aliyekuwa sultani wa mtaa. Kwa hivyo anayetaka kunifanya adui wa mitambo hii atafute mwengine.

Ninalolikataa ni kumdharau anayeishi chini yake.

Tuanze na afya, maana hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Kinangop, kule Nyandarua, Kenya, kulipangwa mradi wa megawati 60 katikati ya mashamba madogo ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Likazagaa neno kwamba mitambo itawadhuru watu na mifugo, kwamba wanawake wataharibu mimba na ng'ombe watakauka maziwa. Hayo sijaona pahala yalipothibitishwa, na aliyeyatia vichwani mwa watu alifanya vibaya. Serikali ya Kanada ilichunguza kaya zaidi ya 1,200 zinazokaa karibu na mitambo, na mwaka 2014 ikatangaza kwamba haikuona uhusiano wa mlio wake na maradhi wala na usingizi mbovu kama watu wenyewe walivyojieleza. Lakini iliona jambo moja: kila mlio ulivyozidi, ndivyo watu walivyozidi kukereka. Nalo Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, mwaka 2018 lilishauri wastani wa mlio wa mitambo hii usizidi desibeli 45, na likakiri lenyewe kwamba ushahidi wake si mkubwa.

Sasa tafsiri ya hayo ni nini? Kwamba mwanakijiji hasemi uongo anapolalamika mlio. Anaweza kukosea anaposema "mimba", asikosee anaposema "silali". Huko Australia, jimbo la Victoria, majirani wawili wa mitambo ya Bald Hills walikwenda mahkamani na mwaka 2022 wakashinda. Mahkama Kuu ilisema mlio wa usiku ulikuwa ni udhia usiostahamilika, ikawapa fidia ya dola 260,000 za Australia kwa jumla na ikaiamuru kampuni iuzuie usiku. Hakimu hakusema mitambo ing'olewe. Alisema umeme safi una manufaa kwa jamii na usingizi nao ni haki, na hakuna sababu ya vyote viwili visipatikane. Nauliza: mkulima wa Nyandarua au mvuvi wa Makunduchi akisema maneno yale yale ya Mwaustralia yule, kwa nini huyu aitwe mlalamikaji na yule mshamba?

Kinangop hakuna aliyekaa na watu akawaeleza wakaridhika. Februari 2015 wakaandamana, polisi wakaja, mtu mmoja akafa. Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kuwa mradi umekufa, na mamilioni ya dola yalikuwa yameshatumika. Watu husema "uvumi uliua mradi". Uvumi huingia pale penye nafasi. Anayeulizwa "mitambo itakuwa mita ngapi kutoka mlangoni kwangu, na nani atapima mlio?" halafu asijibu, asishangae jibu likitoka kwa muuza maneno sokoni.

Twendeni Turkana, kwa sababu pale hakukuwa na uvumi wowote wa kusingizia. Mitambo 365, megawati 310, karibu na Loiyangalani, Marsabit, mahali ambapo Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo wamechunga na kuvua tangu enzi. Baraza la wilaya, ambalo kwa sheria za zamani lilikuwa mdhamini tu wa ardhi kwa niaba ya wenyewe, liliigawa kampuni ekari 150,000. Mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo mno ya ekari hizo. Kijiji cha Sarima kilisogezwa wakati wa ujenzi. Mwaka 2014 wakaazi wakafungua kesi. Waliambiwa maneno yote mnayoyajua. Mradi ukajengwa kesi ikiendelea, ukamalizika, ukakaa bila ya kuuza umeme mpaka Septemba 2018 kwa sababu njia ya waya ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari (na bili ya kuchelewa huko wakabebeshwa Wakenya), kisha Julai 2019 Rais Kenyatta akaja kuuzindua kwa shangwe.

Tarehe 19 Oktoba 2021 Mahkama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikatoa hukumu. Hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria. Wale "wapinga maendeleo" walikuwa wakisema kweli kwa miaka saba! Wahusika wakapewa mwaka mmoja wafanye utaratibu upya, la sivyo hati zifutwe. Mwaka ukapita. Mapanka yanazunguka.

Na kama kwa makusudi, siku nane kabla ya hukumu ile, tarehe 11 Oktoba 2021, Mahkama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo 151 kule Fosen vilivunja haki za Wasami wanaofuga kulungu wa baridi. Huko nako mapanka hayakusimama siku hata moja kwa ajili ya hukumu. Vijana wa Kisami walilazimika kwenda kuziba milango ya wizara Oslo mwaka 2023 ndipo mapatano yakaja. Sasa kumbukeni kwamba Norfund, mfuko wa serikali hiyo hiyo ya Norway, ulitia fedha Kinangop na ukatia Turkana. Kumbe mfugaji ni mfugaji tu, awe mweupe au mweusi, upepo ukishatiwa bei.

Naandika haya nikiwa Al Hamra, chini ya Jabal Shams, na hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa miradi wangelikuja kujifunza bure. Maji ya falaj yanatoka mlimani, hakuna aliyeyaumba, lakini kila tone lina mwenyewe. Yanagaiwa kwa muda: fungu moja, athar, ni kiasi cha nusu saa, na zamani wazee wakipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kwanza watu wanywe, kisha msikiti na mahala pa kuogea, ndipo mashamba. Yuko wakili anayejulikana kwa jina, daftari lipo, na mafungu mengine hukodishwa kwa mnada ili fedha zitengeneze mfereji. Ukidhulumiwa unajua mlango wa kugonga. Watu wasiosoma chuo chochote waliweza kukigawa kitu kinachopita mbio, leo tunaambiwa upepo haugawiki kwa sababu haushikiki?

Unagawika. Kipeto, Kajiado, mitambo 60 iliyoanza kazi 2021, ardhi ilikodiwa kwa Wamasai wenyewe ikabaki yao, na wanalipwa. Sisemi pale ni peponi. Nasema watu waliulizwa kwanza, na megawati 100 zinatoka.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu yanakuja kwetu, huku na kule. Oman ilianza na mitambo 13 huko Harweel, Dhofar, mwaka 2019, jangwani penye watu wachache. Lakini Jaalan Bani Bu Ali, huku Sharqiyah, imo katika orodha ya sehemu zilizochaguliwa, na Jaalan ina watu, ina ngamia, ina wavuvi pwani yake, na wengi wao ni ndugu zetu wenye kukisema Kiswahili hiki hiki. Lamu, kule Mpeketoni, kampuni mbili zilifikishana mahkamani kugombea upepo wakati wenye mashamba wanangoja fidia. Na Zanzibar upepo wetu ulishapimwa miaka ya 2010 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Huko ndiko ninakoogopa zaidi. Ardhi yote ni ya serikali tangu Mapinduzi, sheria ya 1992 ikalitia muhuri hilo, na mwenye eka tatu zake hana hata nguvu ya yule Mturkana ya kusema "baraza lilikuwa mdhamini wangu tu". Akija mwekezaji Makunduchi au Micheweni, mkulima atakwenda mahkama gani, na karatasi gani mkononi?

Kwa hivyo ndugu zangu mlio na elimu ya sheria, ya uhandisi na ya utabibu, badala ya kuwacheka wazee, wafanyieni kazi. Waandikieni kwa Kiswahili masafa ya kudai baina ya mtambo na nyumba. Wafundisheni vijana wa kijiji kupima mlio wa usiku kabla ya mtambo kusimama, ili pawe na cha kulinganisha baadaye. Na yeyote mwenye nakala ya mkataba wowote wa upepo uliosainiwa au unaotayarishwa Unguja au Pemba, autoe hadharani tuusome sote, kabla saruji haijamwagwa.

Wassalaam,
Al Hamra, Oman