MOYO NAO UKAGULIWE



Katika mashamba ya Mboghoni pampu ya maji haingojewi mpaka izimike. Fundi huisikiliza, na akisikia mlio mbaya huifungua mapema, kwani ikifa migomba itakauka na tajiri atapata hasara. Je, pampu iliyo kifuani mwa kibarua anayeinama mferejini toka alfajiri, ni nani aisikilizaye?

Wote twamjua mwenzetu wa namna hii. Kwanza hupumua kwa shida akibeba mkungu. Halafu miguu huvimba, na usiku hawezi kulala chali. Wengine husema ni uchovu, wengine husema karogwa, na nyapara husema ni mvivu. Siku anapofikishwa hospitali, moyo umekwisha kuchoka.

Leo moyo waweza kutazamwa bila kisu wala sindano. Mgonjwa hulala, hupakwa mafuta mazito kifuani, na mpimaji hupitisha kifaa kidogo kinachopeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mwangwi wake hurudi ukawa picha: milango ya moyo inavyofunguka na kufunga, kuta zake zimenenepa au la, damu inasukumwa kwa nguvu gani. Kipimo hiki huitwa eko.

Yafaa wafanyakazi wajue kilikotoka. Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mtaalamu wa fizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine katika karakana ya meli ya Malmö. Kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro ndani ya chuma. Wao wakaielekeza kwenye moyo. Basi chuma kilitangulia kukaguliwa; sasa zamu ya binadamu imefika.

Hatusemi kila mtu apimwe eko. Kwanza ni kipimo cha presha mkononi, cha dakika chache tu, maana presha hunenepesha moyo kimyakimya. Atakayeonekana na shida ndiye apelekwe mbele. Na watoto wetu wenye koo na homa wasiachwe hivi hivi: koo lisilotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu milango ya moyo kwa maisha yote. Penisilini ikitolewa kwa wakati huzuia.

Lakini toka hapa mpaka hospitali ya kaunti kule Voi ni kilomita 100 hivi. Ni nauli, na ni kibarua cha siku kilichopotea. Tena wengi huogopa kupimwa, wasije wakaonekana wagonjwa wakafukuzwa. Hofu hiyo si ujinga. Mtu mwenye watoto lazima aiwaze.

Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yamtaka tajiri aangalie matibabu ya mfanyakazi anapougua. Sisi twataka aangaliwe kabla hajaanguka.

Kwa hiyo katika mkataba ujao tudai mambo matatu. Kwanza, presha ipimwe shambani kila mwaka. Pili, anayetumwa hospitali apewe nauli na mshahara wa siku hiyo. Tatu, majibu yawe siri yake na daktari, wala yasimfukuzishe mtu kazi. Asiyeweza kazi nzito apewe nyepesi.

Mmoja akidai peke yake ataitwa mkorofi. Tukidai sote, ni mkataba. Njooni mkutanoni.

Umoja ni nguvu.